Nyimbo Kumi na Moja Kabla ya Jumatatu

Mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Baba alikuwa hivyo, babu alikuwa hivyo, na hapa Butembo mtaa mzima unanijua: mwalimu wa darasa la tano, yule anayegombana hata na mlango ukikwama. Lakini hasira ninayotaka kuisimulia ni moja tu, ya wiki tatu, na mpaka leo nikiikumbuka naisikia hapa chini ya mbavu. Ilianza na kompyuta.

Hapana, niseme kweli. Ilianza na shingo ya Mama.

Mama alikuwa na goitre, rovu la shingoni, tangu mimi ni mdogo. Hakulificha wala hakulionea haya. Mtu akimwuliza alicheka na kusema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Lakini mwaka ule nundu ilianza kumwelemea. Akipanda kilima cha kanisa ilibidi asimame mara tatu, na alilala ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali pumzi haipiti. Tukaenda hospitali. Munganga, daktari wa pale, akasema lazima litolewe, akatupa siku: Jumatatu, baada ya wiki tatu. Kisha akaniita pembeni, na Mama naye akafuata kwa sababu hajawahi kukubali kusemwa pembeni, akatuambia wote wawili kwamba mshipa wa sauti unapita karibu kabisa na lile donge. Atafanya kazi polepole, alisema, lakini hawezi kuahidi kwamba Mama ataimba tena.

Ungelikuwa mama mwingine, tungesema basi, uhai kwanza. Na kweli uhai kwanza. Lakini Mama ndiye aliyekuwa anashika kibuyu. Katika parokia yetu ya Waprotestanti, kwaya ya akina mama haina piano wala gitaa. Ina kibuyu kimoja chenye mbegu ndani, na anayekishika ndiye anayetosha wimbo, yaani anayeuanzisha. Yeye anatikisa, anaanza peke yake mstari mzima, ndipo wengine wanaingia. Mama alikuwa anashika kibuyu tangu tulipokimbia kwetu Mbau. Na nyimbo alizotoka nazo Mbau, kumi na moja, nyingine za Kinande, nyingine za Kiswahili, haziko katika kitabu chochote. Wanawake waliozitunga pamoja naye wametawanyika, wengine wako Beni, wengine Kampala, wengine tuliwazika. Zilikuwa zimebaki kwenye koo ile ile ambayo munganga alitaka kuifungua.

Kwa hiyo nikasema nitamrekodi. Wiki tatu, nyimbo kumi na moja. Nilikuwa na kompyuta ya mezani, ya mkono wa pili, na maikrofoni niliyoiazima kwa rafiki anayepiga muziki wa harusi. Nikaweka programu ya kurekodi, nikatundika blanketi mbili kwenye kuta za salon, chumba chetu cha wageni, ili sauti isirudi, nikamfukuza kuku nje. Nilifikiri kazi ya siku mbili. Mjinga mimi.

Siku ya kwanza Mama alikuja na kibuyu chake, amefunga kitambaa cheupe cha kwaya kichwani kana kwamba ni Jumapili. Nikamvalisha casque, vile visikilizio, masikioni ajisikie. Akaanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka ubeti wa pili, kisha ikaanza: ta. Sauti inakatika, inarudi. Ta, ta. Kama mtu anayebana mpira wa maji na kuuachilia. Nikasimamisha. Nikasema rudia. Akarudia, na safari hii kukatika kulianza mapema zaidi. Nikagonga meza kwa ngumi, kibuyu kikaanguka. Mama akakiokota.

Basi nikaanza vita na ile mashine. Kila kilichoandikwa kwenye Intaneti kuhusu kompyuta nzito nilikifanya. Niliondoa antivirus. Nilizima Intaneti yenyewe wakati wa kurekodi. Nilifuta michezo ya batoto wa dada yangu, wakalia, sikujali. Nilifuta picha za harusi ya mtu ambaye hata simjui, zilizokuja na kompyuta. Niliingia kule ndani kwenye mipangilio ya umeme nikaiambia ifanye kazi kwa nguvu yote, isisinzie. Kuna mahali pengine katika programu ambapo unaipa mashine pumzi kidogo kabla haijatoa sauti. Ukiipa pumzi fupi inakata, ukiipa ndefu haikati, lakini mwimbaji anajisikia kwenye casque nyuma ya mdomo wake mwenyewe, na hakuna binadamu anayeweza kuimba hivyo. Niliipa fupi, nikaipa ndefu, nikaipa ya katikati. Ilikata zote.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nikiwa peke yangu ilikuwa inafanya kazi. Asubuhi kabla ya shule nafungua mashine, najirekodi nikihesabu, nikisoma dictée, imla ya darasa la tano, dakika kumi, kumi na tano, safi kabisa. Narudi mchana, Mama anakaa kwenye kiti, anaimba, ta. Ningekuwa mtu wa kuamini uchawi ningesema jirani ametutupia kitu. Nililaani kwa Kifaransa, chini ya pumzi, ili Mama asielewe. Yeye alikaa tu na casque masikioni, ananitazama.

Niseme hapa jinsi salon yetu ilivyo, kwa maana ndipo aibu yangu ilipo. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, kila mgongo wa kiti una chake, hata termosi. Mama anavifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, na mgeni akiingia akaona kitu hakijafunikwa atasema nyumba hii haina mwanamke. Na vumbi ya Butembo haina huruma, wakati wa jua inaingia hata kwenye chumvi. Kwa hiyo kompyuta ilipofika nyumbani, Mama aliipima kwa kamba kama anayempima mtoto nguo ya shule, akaifumia kitambaa kikubwa kinachoshuka mbele na nyuma mpaka mezani. Kisha, kwa sababu uzi una matundu na vumbi inapita, akakishonea bitana nzito ndani. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na maua pembeni.

Mimi mwenyewe nilikuwa nakiondoa asubuhi nikitaka kuibonyeza mashine na kuangalia taa zake. Mchana, kabla ya kuimba, Mama alikuwa anakirudisha. Na mimi nilifurahi. Nilimshukuru hata, maana kile kitambaa kilikuwa kinazima mvumo wa feni, maikrofoni ikawa inasikia Mama tu. Nilimwambia Mama, umeona, kitambaa chako kinafanya kazi.

Wiki ya pili nilishuka Beni kutafuta memori. Mtu mmoja aliniambia shida ni memori ndogo, na kwamba Beni kuna mfanyabiashara Mwislamu, kila mtu anamwita Hadji, ambaye hauzi vitu vya uongo. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi, nikafika mgongo umevunjika. Hadji alikuwa muzee mnene, mpole, aliyekaa miaka mingi kama convoyeur, utingo, juu ya magari ya mizigo kabla ya kufungua duka la vyombo vya umeme. Alinipa memori, akaniambia nikishindwa nilete mashine yenyewe, yeye hapana daktari wa kutibu mgonjwa kwa kusikia habari yake. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia hakuna haja.

Nikarudi, nikaweka memori. Asubuhi mashine ilikwenda kama mpya. Mchana Mama akaimba, na safari hii alifika ubeti wa nne. Moyo wangu ukapanda. Kisha ta. Ta, ta, ta.

Ndipo nilipofanya kitu ambacho sijajisamehe. Nilimpigia Mama kelele. Nilimwambia asisogee, kwa nini anasogea, kwa nini anavuta pumzi pale pale kila mara, kwa nini asiimbe wimbo mmoja tu mpaka mwisho kama mtu mzima. Maneno ya kipumbavu. Pumzi yake na ile sauti kukatika vina uhusiano gani? Hakuna. Nilikuwa nimejaa tu, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu. Mama akavua casque, akaiweka mezani taratibu, akasema atakwenda kuchemsha maji. Nilimsikia jikoni akikohoa. Nikamwacha akohoe.

Siku zilizofuata alianza kunywa asali na ndimu asubuhi na jioni. Alikunywa pia maji ya majani fulani machungu ambayo shangazi alimletea. Hakuzungumza sana. Nilidhani anajitayarisha kwa hospitali, na sikumwuliza. Jumapili ya pili sikwenda kanisani. Nilimwambia nabaki na mashine, nitaifungua yote niisafishe. Akasema ni sawa. Aliporudi kanisani alikuwa mikono mitupu, na mimi nilikuwa chini ya meza na bisibisi mdomoni, sikuinua hata kichwa.

Wiki ya tatu. Jumatano niliomba ruhusa shuleni, nikaifunga kompyuta kwenye blanketi, na juu ya blanketi nikaweka kile kitambaa cha Mama kwa mazoea tu, nikaipakata kwenye moto mpaka Beni. Njia nzima niliisemesha. Niliiambia kama Hadji akishindwa nitaitupa mtoni, na dereva wa moto akaniuliza kama nazungumza naye.

Hadji aliiweka kwenye kaunta yake, akaunganisha maikrofoni yangu, akaniambia niiache ifanye kazi. Ilikuwa inahitajika sauti ya kurekodi, na yeye alikuwa na sauti. Akaanza kuita kituo kwa kituo kama zamani alipokuwa juu ya gari: Kanyabayonga, Lubero, Musienene, Butembo, Maboya, Beni, Mavivi, Mbau, Oicha, kisha anageuza gari na kurudi. Wateja walikuwa wanacheka. Aliita njia nzima kwenda na kurudi kwa muda wa saa moja, akinywa chai katikati, na mashine haikukata hata mara moja.

Nilitaka kulia. Nikamwambia inanichezea, nyumbani inakata, hapa inajifanya mtakatifu.

Hadji alikuwa ameshika kile kitambaa cha Mama, anakigeuzageuza, anaangalia bitana. Akaniuliza kazi hii nzuri ni ya nani. Nikamwambia. Akaniuliza inakaa wapi. Nikamwambia inakaa juu ya mashine, bien sûr, ingekaa wapi tena. Kisha akakitandaza juu ya kompyuta vizuri, akakivuta mbele, akakivuta nyuma, kama Mama anavyofanya, akaanza tena kuita njia yake. Aliita kwenda na kurudi, mara ya kwanza safi, mara ya pili safi. Mara ya tatu, kwenye casque, nikasikia: Lu, ta, ro. Bu, ta, mbo. Mba, ta, u.

Hadji akaweka mkono nyuma ya mashine, akauondoa haraka. "Mwalimu," akasema, "hii kitu inatafuta hewa. Ikipata joto inatembea polepole, isiungue. Sasa weye unaipelekea memori, na yenyewe inakufa na joto ndani ya blanketi."

Alinieleza na mengine, kwamba haifanyi hivyo mara moja, inachukua dakika kadhaa, ndiyo maana nikiwa peke yangu kitambaa kimeondoka nilikuwa naiona nzima. Alisema yote kwa upole na hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Njia ya kurudi, hasira yangu ilibadilika ikamlenga Mama. Ndiyo, Mama. Nilikuwa nampangia maneno. Wewe na vitambaa vyako! Wiki tatu! Nilipita Maboya bado napanga. Nilifika nyumbani saa kumi, jua bado lipo, nikaingia na mashine mikononi na kitambaa begani.

Mama alikuwa amekaa salon. Kwenye magoti yake alikuwa amekunja kile kitambaa cheupe cha kwaya, kimefuliwa na kupigwa pasi, na sikuona kibuyu mahali pake ukutani. Nikauliza kibuyu kiko wapi.

Akaniambia amekirudisha. Jumapili, mwanzo wa ibada, mbele ya kanisa lote. Mchungaji aliomba, mama mmoja mdogo akapokea, imekwisha. Na hiki kitambaa cheupe atakipeleka kesho.

Nikauliza kwa nini. Kulikuwa na Jumapili mbili bado, ile yenyewe na ya mwisho.

"Papa," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, na alisema polepole kama ananifariji mimi, "mashine ilitangulia munganga kusikia. Sauti yangu imekwisha kukatika. Nilijisikia mimi mwenyewe ndani ya masikio. Ningetosha wimbo namna gani mbele ya batu, na sauti ya vile?"

Maneno yote niliyoyapanga tangu Beni yalinikauka. Wiki mbili na nusu mwanamke huyu alikuwa amevaa ile casque, anasikia ta, ta, ta, na anaamini ni koo yake. Asali. Majani machungu. Kukohoa jikoni. Na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake, najua kabisa ni mashine, nailaani kwa Kifaransa.

Nikaweka kompyuta mezani, uchi. Nikaiwasha. Nikamvalisha casque na kumfungulia ile rekodi ya mwisho ya dukani. Uso wake ulikunjamana. Akasikiliza Hadji akiita njia, kwenda, kurudi, kisha akasikia Lubero imekatwa, Butembo imekatwa. Aliposikia Mbau ikikatwa katikati alishika casque kwa mikono miwili.

"Huyu naye iko na goitre?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kitambaa, joto, yote. Nilidhani ataona haya kwa ajili ya kitambaa, nikawa tayari kumwambia si kosa lake. Lakini Mama hakuwa anawaza kitambaa hata kidogo.

"Donc weye ulijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza ulijua kama ni mashine."

"Nilijua, Mama."

"Ulinirushia kelele, ulipiga meza, uliliza batoto. Neno moja la kuniambia ni mashine, Mama, hapana weye, lilikushinda?"

Sijawahi kumwona Mama na hasira kabla ya siku ile. Nilifikiri hasira ni mali ya ukoo wa Baba. Alisimama, rovu lake limevimba, akaniambia nikae chini kwenye kiti chake, na mimi baba mzima wa darasa la watoto hamsini nikakaa. Aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kuagana na sauti yake jikoni, peke yake, na kwamba alifanya hivyo kimya ili asiniongezee taabu, maana aliniona nateseka. Kisha akasema niwashe kile kitu, aimbe, kabla hasira haijampoa.

Hakuwa na kibuyu. Alichukua kopo la maziwa, akatia maharagwe, akatikisa. Siku ile aliimba nyimbo nne, Ijumaa nne, Jumamosi tatu. Mashine haikukata. Mvumo wa feni unasikika chini ya kila wimbo, na sikuuondoa. Zile nne za kwanza zinatisha. Ni nyimbo za shukrani, na anaziimba kama anayedai.

Jumamosi jioni nilikwenda kwa mchungaji. Nilimweleza lilikuwa kosa langu, nikaomba Mama arudishiwe kibuyu kwa Jumapili moja tu, ya mwisho. Alisikitika kweli. Lakini kilichotolewa na kupokelewa kwa maombi mbele ya kanisa hakiombwi tena, akasema, na yule mama mdogo ameshaanza, tutamwambia nini? Niligombana naye, nilisema maneno ambayo mtu hasemi mbele ya mchungaji. Mama aliposikia alinikataza kurudi kule. Alisema yule mama anatosha wimbo vizuri, ila anaharakisha.

Jumapili alikaa benchi ya tatu, bila kitambaa cheupe. Nilikaa kando yake. Yule mama mdogo alitikisa kibuyu, akaanza wimbo wa Mbau, na akauanza juu mno. Mama alifungua mdomo pamoja na wengine, akasubiri mstari wa kwanza uishe, akaingia wakati wa kuingia, kama mtu yeyote.

Jumatatu walimpasua. Alitoka mzima, Mungu asifiwe, na sauti ya kuzungumza ilirudi baada ya mwezi, nyembamba, yenye mikwaruzo. Ya kuimba haikurudi. Rekodi ninazo, kumi na moja zote, nimeziweka mahali pawili, na watu wakizisikia wananisifu kwamba nilifanya kazi kubwa. Nawaacha waseme. Mama alikuwa na Jumapili mbili za mwisho za kushika kibuyu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya zote mbili.